MTARO KWANZA, NOTISI BAADAYE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli na wa mashamba ya chai, Kericho)



Kamati ya tawi ilituomba sisi watu wa genge la reli tuseme maneno machache juu ya mpango wa mitaa yetu, yaani nani ajenge wapi, nani akatazwe, na njia, maji na vyoo vitapatikana namna gani. Sisi si masorovea. Wengi wetu tulisoma katika shule za misheni mpaka darasa la nane, kisha tukashika sululu. Lakini kazi yetu ya kila siku ni kulinda ukanda wa ardhi usivamiwe na kulinda maji yasile njia, kwa hivi twaona tuna neno la kusema.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu hapa alilisikia. Jioni ya Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lililobeba kontena liliacha barabara likaingia katika matatu, pikipiki na wauzaji waliokuwa kando ya lami. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengine wetu tulikwenda mazishi zaidi ya moja katika juma lile, na hatukujua tuseme nini makaburini.

Baada ya siku chache amri ilitoka katika Wizara ya Barabara kwamba masoko yaliyo kando ya barabara kuu yaondolewe. Neno lile lilikuwa la haki na sisi hatulipingi. Barabara ina mpaka wake kama reli ilivyo na mpaka wake. Lakini twauliza swali ambalo halikuulizwa sana wakati ule: yule mama wa viazi na kabichi alikaa pale kwa nini? Hakukaa kwa ukaidi. Alikaa kwa kuwa pale ndipo gari husimama. Abiria wa Kisumu, wa Kericho na wa Nakuru hushuka kunyoosha miguu, na kabla hajarudi kitini amekwisha kununua debe la viazi. Mjengee mama huyo soko zuri la mawe na milango ya chuma mahali ambapo gari halisimami: atatia kufuli katika kibanda chake kipya, na kesho alfajiri utamkuta tena kando ya lami na debe lake. Twaona hivyo katika vituo vingi vya njiani.

Basi kumwondoa mama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhamisha kituo cha matatu, kutengeneza njia ya kuingilia na ya kutokea, kuweka maji, choo na taa, ili gari zisimame pale soko lilipo. Nusu hiyo ndiyo huachwa kila mara, maana ile ya kwanza yahitaji askari na tingatinga la siku moja, na hii yahitaji mpango na fedha za mwaka mzima au miaka miwili.

Sisi wa reli hatuwezi kujifanya wasafi katika jambo hili. Tumetumwa mara nyingi kung'oa vibanda, na tumeving'oa. Reli hii ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na ina ukanda wake pande zote mbili. Kwa miaka mingi chai ya Kericho ilishuka kwa lori mpaka stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion, ikapakiwa katika mabehewa kwenda Mombasa. Treni zilipopungua, ukanda ule ukaonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Mtu wa kwanza alipanda mahindi, wa pili akajenga jiko, wa tatu akajenga nyumba na kuipangisha.

Watu hudhani twakataza kwa sababu ya treni. Treni ni sababu moja. Sababu nyingine ni maji. Mwanagenge yeyote atawaambieni kwamba maji yaliyokosa pa kwenda huharibu njia ya reli kuliko uzito wa mabehewa. Mtaro wa pembeni ukizibwa na jiko la mtu, maji huingia chini ya kokoto, udongo hugeuka uji, mataruma huanza kucheza, na reli huinama. Hapo mkubwa wa stesheni huita genge usiku, nasi hutoka na taa na makoti ya mvua. Twasema haya kwa sababu mtaa wa watu nao huharibika hivyo hivyo, ila mtaa hauna genge la kuitwa usiku.

Mwezi wa Machi 2010 Shirika la Reli lilitoa notisi kwa watu waliokaa na waliofanya biashara kando ya njia huko Kibera na Mukuru, Nairobi: siku 30 wawe wamekwisha kuondoka. Watu hao walikuwa maelfu kwa maelfu. Kelele zikawa kubwa ndani na nje ya nchi, ubomoaji ukasimamishwa, na badala yake ukafanywa mpango wa kuwahamisha kwa utaratibu, Benki ya Dunia ikisaidia kwa fedha. Watu waliandikwa nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda. Vikajengwa vyumba vya kukaa na vya biashara karibu na pale pale, na ukuta ukatenga njia na makao. Kazi ilichukua miaka na manung'uniko yalikuwapo. Lakini treni ilipata ukanda wake, na wale walioandikwa walipata pa kwenda. Kumbe yawezekana kuondoa watu penye hatari bila kuwatupa.

Sasa tuje kwetu. Mtaa tutakaousema hatutautaja jina, kwa kuwa jambo lenyewe bado liko mbele ya afisi, na wengi wenu mwaujua.

Mwajua jinsi miji yetu ilivyokaa. Kericho imezungukwa na mashamba makubwa ya chai na misitu, na mji hauna pa kupanukia kwa urahisi. Mfanya kazi wa chai hukaa katika laini za kampuni. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanya kazi makao ya kufaa au fedha za kutosha kupangia. Vizuri. Lakini nyumba ya laini imefungwa na kazi: kazi ikiisha, nyumba imeisha. Mama aliyechuma majani miaka 25 hutoka na godoro, sufuria na hesabu yake ya mwisho, akatafute kipande cha ardhi. Tangu mashine za kuchuma zilipoingia mashambani, wanaotoka ni wengi kuliko wanaoingia.

Huenda wapi? Huenda katika vituo vilivyo ukingoni mwa mashamba, ambako mzee mwenye ekari mbili amekwisha kuzikata ploti za futi 50 kwa 100. Huyo aliyenunua ploti naye huikata mara mbili, kisha hujenga vyumba vya mabati vya kupangisha, kimoja nyuma ya kingine, mpaka mlango wa mwisho wafunguka ubavu kwa ubavu na choo cha jirani. Njia ya futi 20 iliyochorwa kwenye karatasi ya kwanza hubaki futi 6. Gari la wagonjwa haliingii. Jeneza hutolewa kwa kuinamishwa.

Na hii ni Kericho, ndugu zetu. Mvua hapa hunyesha karibu kila mwezi, na pamoja nayo mawe. Ndiyo sababu chai yakubali. Lakini mvua hiyo hiyo iinyweshayo chai hushuka katika mtaa wetu kutoka mlimani, ikitafuta bonde lake la zamani, na bonde hilo sisi tumelijengea. Katika mvua kubwa choo cha juu humwagikia kisima cha chini. Mabwana afya hufundisha kwamba choo na kisima viachane mita 30 au zaidi. Katika ploti ya futi 50 kwa 100 utazipata wapi hizo mita 30? Homa ya matumbo haiombi ruhusa ya kupita uani.

Tuseme kweli yote. Nani alijenga katika bonde lile? Sisi. Vyumba 11 vimekaa juu ya njia ya maji, na karibu vyote ni vya wanachama, wa reli na wa chai. Mmoja wetu sisi wa genge, ambaye kutwa nzima hufukuza watu kwenye mtaro wa reli, jioni alikuwa akirudi kulala katika chumba kilichoziba mtaro wa mtaa.

Siku moja alikuja mtu wa afisi na rangi nyekundu, akatia alama ya msalaba katika milango ile 11, akaondoka. Hakuacha karatasi. Usiku ule tulikutana, tukafanya kosa la kwanza: tulichanga fedha tukapeleka chai. Twasema ile chai ambayo haichumwi shambani wala haipimwi kwa kilo. Rangi ikafifia. Mwaka uliofuata akaja mtu mwingine na kopo jingine la rangi. Tukachanga tena. Mara ya tatu mama mmoja akasimama akasema, "Fedha hizi zote zingekwisha kuchimba mtaro." Tulipiga hesabu usiku ule, tukaona amesema kweli tupu, tena ya kutuaibisha.

Ndipo tukaanza kutafuta sheria yasema nini. Tutawaelezeni kwa ufupi, na atakaye marefu aje kwa Katibu, ana nakala.

Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, yazipa serikali za kaunti kazi ya mipango ya ardhi, barabara za kaunti, maji, usafi na mifereji ya maji ya mvua. Kwa hivi anayetunyima mtaro na anayetubomolea kwa kukosa mtaro ni mkono mmoja. Yafaa tujue hivyo tukienda kusema naye. Kifungu cha 43 cha Katiba hiyo chataja haki ya makao ya kufaa, usafi na maji safi. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kuona habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ramani ya mtaa wako ni mojawapo. Usiombe ramani kama mtu aombaye zawadi.

Kisha iko Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, namba 13 ya mwaka 2019. Hii yasema kwamba kujenga bila ruhusa ya kaunti ni kosa, na faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi 2, au vyote viwili. Msiicheke. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba mtu anayetakiwa kubomoa au kurekebisha lazima apewe notisi, naye akiona ameonewa ana siku 14 za kupeleka rufani kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo ya mipango, na kamati ina siku 30 za kuamua. Msalaba wa rangi mlangoni si notisi. Tena, kama ni kuwatoa watu katika ardhi ya umma, Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 yataka notisi ya miezi 3. Wengi wetu hatukujua hata moja katika haya, na kutojua kwetu kulikuwa mshahara wa watu fulani.

Lililotufaa zaidi lakini si zile siku 14. Ni kwamba sheria yaruhusu kaunti kutengeneza mpango wa mahali padogo, wa mji au wa mtaa, na hata kutangaza eneo lenye shida za pekee kuwa eneo la mpango maalum. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza hivyo kwa mitaa mitatu ya Mukuru, yenye nyumba za watu karibu 100,000. Ujenzi mpya ukazuiwa wakati mpango ukitengenezwa. Wananchi walipangwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mjumbe wao, wajumbe wakakutana, na chama cha Muungano wa Wanavijiji na wenzao wakasaidia kuandika na kupima. Baadaye barabara za ndani, maji safi na maji machafu yakaanza kufika. Hatusemi Mukuru pamekuwa peponi. Lakini ikiwa watu wa Mukuru, walivyobanana, waliweza kukubaliana njia ipite wapi, sisi wenye mtaa mmoja wa vichochoro vinne tutajitetea kwa maneno gani?

Basi tulifanya hivi. Jumamosi tatu mfululizo watu wa genge tulishika kamba ya futi 100 na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha nuru, ambao fundi hutazama maji ndani yake apate usawa. Vijana waliomaliza shule waliandika. Tulipima kila njia, kila choo, kila bomba, na mwinuko kutoka tangi la juu mpaka kijito cha chini. Tulichora katika karatasi za nyuma za kalenda. Karatasi hizo si ramani ya sorovea na haziwezi kuwa. Lakini tulipozitandika mezani pa afisa wa mipango, alikaa kimya kidogo, kisha akatoa ramani yake ya zamani, na kwa mara ya kwanza tukazungumza juu ya mtaa ule ule mmoja.

Ilionekana kwamba ili maji yapite hakuna haja ya kubomoa vyumba vyote 11. Mtaro ukipinda kidogo juu ya duka la mafuta, ukafuata ua wa kanisa, vyumba vinavyozuia ni 4. Vile 7 vinatakiwa kurudisha ua nyuma futi 3 tu. Alama nyekundu ilikuwa imetiwa kwa macho, mtu akiwa njiani, pengine mvua ikimkimbiza. Kamba ilisema jambo jingine.

Katika vile vyumba 4, kimoja ni cha kogo wetu, yaani nyanya, yule ambaye wengi wenu wa chai mlichuma naye. Ana vyumba vitatu alivyojenga kwa malipo yake ya mwisho, naye hula kwa kodi yake. Chumba cha chini ndicho kilicho katikati ya maji. Mwezi wa Aprili maji yaliingia usiku, mpangaji akatoka na mtoto begani, na kogo akasimama mlangoni na ufagio akiyazuia maji kwa ufagio. Tulipomwendea na karatasi yetu hakututukana. Alisema, "Mnataka nibomoe kimoja katika vitatu. Nyinyi mtabomoa nini?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tulirudi baada ya juma na jibu: mbao na mabati yatolewe kwa uangalifu, chumba kijengwe upya upande wa juu wa ploti yake, kazi ifanywe na wanachama bila malipo, na misumari, saruji na mabati yaliyokosekana yatoke katika mfuko wa tawi. Wako waliouliza kama mfuko wa chama ni wa kujengea watu nyumba. Twawajibu kwamba mara mbili tulitoa fedha kumpa mtu asiyetujua, na hakuna aliyeuliza.

Ndugu mmoja wa laini alisema katika mkutano uliopita kwamba kuchora ramani ni kumwonyesha adui mahali pa kupiga. Hakusema upuzi. Yako mahali ambapo hesabu ya watu ilifuatwa na tingatinga. Kwa sababu hiyo karatasi zetu zaonyesha njia, maji, vyoo na kuta, hazionyeshi majina ya wapangaji. Nasi hatukuzipeleka kimya kimya: tulizisoma kwanza barazani mbele ya chifu na mwakilishi wa wadi, watu wote wakisikia, na nakala moja imebandikwa ukutani mwa posho mili. Jambo linalojulikana na watu 300 si rahisi kugeuzwa usiku.

Wapangaji nao walikuwa na neno lao, na neno hili ni gumu. Walisema, mtaro ukija na njia ikiwekwa changarawe, mwenye nyumba atapandisha kodi, na sisi tutahamia kwenye bonde jingine. Ni kweli, ndivyo inavyokuwa mahali pengi. Wanachama wenye nyumba waliandika kitabuni kwamba hawatapandisha kodi kwa mwaka mmoja baada ya kazi kwisha. Hatuna jibu la mwaka wa pili. Wenye nyumba wasio wanachama hawakuandika chochote. Haya twayasema ili msidhani tumemaliza.

Sasa juu ya fedha, maana kamba na jembe havitoshi. Kalvati ya kuvukia barabara ni kazi ya kaunti, na kaunti haiwezi kutumia fedha kwa jambo lisilo katika mpango wake wa mwaka. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka mpango huo uwe umefikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Watu wetu hungoja mwezi wa Juni, bajeti ikiwa imekwisha kupikwa na kupakuliwa, ndipo huenda kulia. Twendeni mapema, na twende na jambo moja lililopimwa: mtaro wenye urefu fulani, kalvati moja, na mahali pa akina mama wa mboga karibu na kituo cha gari. Tukienda na mambo ishirini tutapewa taa. Mnazijua zile taa ndefu za mulika mwizi. Hatuzikatai, lakini mtaani kwetu taa ile ilisimama juu ya matope ili tuyaone vizuri.

Kazi ya kuchimba ikipata fedha, tutaomba wachimbaji watoke mtaani. Jambo hili si geni. Huko Hanna Nassif, Dar es Salaam, katika miaka ya 1990, wakazi walifanya kazi ya mifereji na njia za mtaa wao kwa mikataba, wakalipwa, Shirika la Kazi la Ulimwengu likisaidia. Mtu aliyechimba mtaro kwa mkono wake hatupi takataka ndani yake, walau mwaka wa kwanza.

Kwa ndugu zetu wa Bomet: mji wenu uko kando ya mto Nyangores, na kwenu jambo hili ni la ukingo wa mto. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukingo wa kuachwa usiojengwa, mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi, kwa kadiri ya upana wa mto. Pimeni nyinyi wenyewe kabla hajaja mtu wa rangi. Kamba tutawaazima.

Na nyinyi mlio katika laini bado, msiseme hotuba hii si yenu. Mtu akikuuzia ploti, nenda mvua ikinyesha. Usiende Januari. Simama pale uone maji yapita wapi. Mwombe muuzaji akuonyeshe bikoni nne kwa mguu wake, si kwa kidole. Uliza njia ni ya futi ngapi na imeandikwa wapi, kisha nenda afisi ya ardhi ukatafute kama ploti ile iko kwa jina lake. Mwenzetu mmoja alinunua ploti nzuri ya bei nafuu, na bikoni yake ya nne ilikuwa ndani ya kijito.

Sasa kazi. Jumapili ijayo, baada ya ibada, saa sita, tutakutana kwenye kijito. Tumesema kijito, si tangi. Mtaro huanzwa chini, mahali maji yatakapotokea, na kupandishwa juu. Ukianza juu, mvua ya kwanza yatamshukia jirani wa chini kwa nguvu mpya, na ugomvi utakuwa wako. Wa reli tutaleta kamba, mpira wa maji na sululu nane. Wa chai waje na majembe na makarai. Wale saba wa ua wa futi 3, watano wamekwisha kurudisha nyuma. Wawili walio baki, Katibu atawapitia kesho, naye ataanza na yule wa genge.

Kogo ametoa vitu vyake katika chumba cha chini tangu juzi. Chumba kipya kimesimama, kimebaki mabati manne na mlango. Mwenye mabati yaliyotumika, asilete yenye matundu, ameyakataa mawili.